Vitabu Wakati wa Likizo: Maneno ya Walimu Mbele ya Baraza



Twamshukuru Bwana Chifu kwa kutupa nafasi ya kusema katika baraza hili la kwanza la mwaka, kabla hayajaanza maneno ya barabara na maji. Tumekuja kuwapasha habari za vitabu vya shule vilivyolala katika nyumba zenu mwezi wa Novemba na Desemba, na habari za yale yaliyosomwa. Tena tuna kosa moja la kuungama. Hilo tutalisema baadaye, nalo ni kosa letu sisi walimu, si lenu.

Mwajua kwamba shule yetu ina kabati moja la vitabu vya hadithi na habari za kale, mbali na vitabu vya masomo. Miaka yote iliyopita, siku ya kufunga shule tulikuwa tukivihesabu vitabu vile, tukaviweka ndani, tukatia kufuli, na ufunguo tukauchukua. Tulifanya hivyo kwa nia njema. Tuliogopa mvua, mchwa, panya, na mikono ya watoto wadogo. Na zaidi ya hayo yote tuliogopa siku ya kuulizwa hesabu. Basi shule ilipofunguliwa vitabu vilikuwa safi, lakini watoto walikuwa wamesahau kusoma. Mtoto aliyesoma ukurasa mzima mwezi wa Oktoba bila kukwama, mwezi wa Januari alifuata maneno kwa kidole, kama mtu avukaye mto gizani akipapasa mawe kwa miguu. Juma mbili, pengine tatu, zilipotea kwa kurudia njia iliyokwisha kupitwa. Vitabu tulivitunza, wasomaji hatukuwatunza.

Likizo hii tulikata shauri kufanya vingine. Tulitoa vitabu 40, kila kimoja kwa nyumba moja, mzazi akatia sahihi au alama ya kidole. Shule ilipofunguliwa vilirudi 38. Katika hivyo kimoja kilikuwa kimenyeshewa. Kimoja kilipotea katika safari ya Mombasa, na cha mwisho hakijarudi, kwa sababu twaambiwa kwamba babu wa nyumba ile hajafika mwisho, naye amekataa kukitoa. Babu huyo yupo hapa barazani. Hatutamtaja, wala hatumdai.

Siku ya kwanza ya shule hatukuwapa wanafunzi kazi ya kuandika. Tuliwaketisha, kila mmoja akasimama akasema alisoma nini, alimsomea nani, na jambo gani lilimkaa moyoni. Katika hayo tumewaletea machache, na yote twayasema kwa ruhusa ya wenyewe.

Msichana mmoja wa darasa la saba alichukua kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Kitabu hiki kilitungwa na James Mbotela, kikatolewa mwaka 1934. Chasimulia jinsi watu wa bara walivyotekwa, wakaletwa pwani na kupakiwa vyomboni ili wauzwe ng'ambo, na jinsi wengine walivyookolewa baharini na manowari za Waingereza. Walioletwa Mombasa walikaa katika kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa katika miaka ya 1870. Hata leo apitaye upande wa Kisauni ataonyeshwa mahali paitwapo Kengeleni, palipopata jina lake kwa kengele ya watu wale.

Msichana huyu alikuwa akimsomea nyanya yake kila jioni, baada ya chakula. Alisoma kwa Kiswahili, kisha akaeleza kwa Kitaita pale nyanya alipokuwa hakuelewa. Alipofika mahali ambapo watoto hutengwa na wazazi wao, nyanya akamwambia afunge kitabu. Mtoto akadhani amechoka. Kumbe mzee yule alikuwa na habari yake mwenyewe, nayo hakupata kuisema.

Ninyi wazee mmesikia habari za njaa kubwa ya miaka ya 1880, ambayo watu wa Taita waliiita Mwakisenge. Katika njaa ile wako waliotoa watoto wao kwa wageni wenye chakula, ili yule mtoto aishi, na waliobaki nyumbani nao waishi. Nyanya huyu alisimuliwa na nyanya yake kwamba katika ukoo wao msichana mmoja alitolewa hivyo, akaenda na watu wa msafara, asirudi tena. Hakuna aliyejua kama alifika pwani, wala kama aliishi. Jina lake halikutajwa nyumbani kwa miaka mingi, maana waliokula chakula kile waliona aibu. Kisha nyanya akamwambia mjukuu wake: “Jina lile ndilo ulilopewa wewe.”

Mwanafunzi alipotusimulia haya darasani palikuwa kimya. Sisi walimu tumekuwa tukifundisha habari za utumwa kwa miaka na majina ya mapatano, na tarehe hizo ni za kweli wala hazina budi kujulikana. Lakini hatukujua kwamba katika madawati yetu ameketi mtoto achukuaye jina la mtu aliyepotea katika mambo yale yale. Wala yeye hakujua. Kitabu ndicho kilichomfanya nyanya aseme, na kama kingalibaki kabatini, mzee yule angaliondoka duniani na neno lake.

Mwanafunzi mwingine akauliza: “Je, watumwa walikuwa wakingoja kuokolewa tu? Hawakujikomboa wenyewe?” Swali hili lilitupendeza. Tukamjibu kwamba kitabu kimoja hakimalizi habari yote. Wako watumwa wengi waliowatoroka mabwana zao wa pwani, wakajenga vijiji vyao wenyewe bara, kama kile cha Fuladoyo, kilichojulikana sana katika miaka ya 1880. Hapo walilima mashamba yao na kujilinda. Na sheria ya kuuondoa utumwa katika pwani ya Kenya haikutolewa ila mwaka 1907. Mtu asomaye kitabu kwa akili hukiheshimu, lakini hakuachi kukiuliza maswali.

Habari ya pili ni ya mvulana wa darasa la nane. Mwezi wa Desemba mahindi ya mvua za vuli huanza kukomaa, na kazi ya watoto wengi ni kukaa juu ya dungu na kufukuza nyani. Mzazi hawezi kumwachilia mtoto kazi hiyo, maana nyani wakishuka mara moja, chakula cha miezi hupotea kabla ya jua kuchwa. Basi mvulana huyu alichukua kitabu Siku Njema, kilichotungwa na Ken Walibora na kutolewa mwaka 1996, akapanda nacho dunguni. Akasoma kwa sauti kubwa. Anatuambia kwamba muda wote aliokuwa akisoma nyani hawakuteremka. Labda nao wanakiogopa Kiswahili sanifu, kama baadhi ya wanafunzi wetu.

Siku Njema ni habari ya kijana aitwaye Kongowea, aliyelelewa Tanga na mama yake, mwimbaji wa taarabu, asimjue baba yake. Mama alipofariki kijana alipata taabu nyingi, na mwisho akafunga safari hata Kitale kumtafuta baba. Mama wa mvulana wetu alikuwa akipalilia chini ya dungu, na jembe lake likaanza kwenda polepole. Siku ya tatu alikuwa akimwuliza mtoto asubuhi, kabla ya chai: “Kongowea amefika wapi?”

Sasa mtuwie radhi, maana neno hili lagusa nyumba nyingi zilizo hapa. Baba wa mvulana yule yuko kazini Mombasa, na alikuwa hajaja nyumbani kwa miaka 2. Fedha aliituma; yeye mwenyewe hakuja. Walipofika mahali ambapo Kongowea yumo njiani kumtafuta baba yake, mama aliketi chini, asiseme kitu. Jioni ile alimpa mtoto simu, akamwambia: “Mpigie baba yako, umsomee ukurasa mmoja.” Mtoto akasoma. Baba akasikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Je, alimwona?”

Baba hakuja Krismasi. Hatupendi kuwadanganya ninyi kwa kuifanya habari kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Lakini tangu siku ile kila Jumapili alipiga simu mwenyewe, akasikiliza ukurasa uliofuata, mpaka kitabu kikaisha. Na mvulana ameomba kitabu kingine, akasema kiwe kirefu. Ken Walibora alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, wala hatapata habari hii; lakini twaona kwamba mwandishi hawezi kutamani malipo makubwa kuliko hayo.

Habari ya tatu ni ya sisi walimu. Tulijiwekea sharti kwamba mwalimu naye asome, maana si haki kumwagiza mtoto njia usiyoipita. Tukakubaliana kusoma kitabu kimoja sote, tupate kukizungumza. Tulichagua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Wengine wetu tulikisoma zamani kwa ajili ya mtihani, na mambo yasomwayo kwa mtihani husahauliwa mtihani ukiisha. Safari hii tulikisoma bila hofu ya mtu.

Kusadikika ni nchi ya kubuniwa, iliyo angani. Mtu mmoja, Karama, anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea Karama anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alivumilia taabu, akarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yake. Na kila mmoja aliporudi, badala ya kusikilizwa, akatiwa gerezani.

Tulipokutana baada ya Krismasi kuzungumza juu ya kitabu hiki, tulianza kwa kuwalaumu wakubwa wa Kusadikika. Ndipo mmoja wetu akasema: “Nasi je? Wajumbe wetu wa kabatini tumewafunga miaka mingapi?” Hatukuwa na jibu. Vitabu vile vilitoka mbali, kila kimoja na habari yake njema, nasi tulivipokea, tukavihesabu, tukavitia kufuli, tukajiona watunzaji wazuri.

Hapa twafika kwenye kosa tulilosema tutaliungama.

Miaka 2 iliyopita mwanafunzi mmoja aliazima kitabu siku za masomo, akakichukua nyumbani. Usiku ule mvua ikanyesha, paa likavuja, kitabu kikalowa kikaharibika. Sisi tukafuata kanuni iliyoandikwa: tukamwita mzazi, tukamtaka alipe bei ya kitabu. Mama yake ni mjane. Hakubisha. Aliuza kuku wawili, akaleta fedha ofisini, tukampa stakabadhi. Tukadhani jambo limekwisha.

Likizo hii, tulipogawa vitabu 40, jina la mtoto yule halikuwamo. Hatukuona. Tulikuja kuona mwezi wa Januari, tulipowaambia wanafunzi wasimame mmoja mmoja, naye akasimama akasema hakuchukua kitabu, lakini habari za Kongowea anazijua zote. Tukamwuliza amezijuaje. Akajibu kwamba alikuwa akienda kukaa chini ya dungu la jirani, akisikiliza. Tukamwuliza mbona hakuazima chake. Akasema kwa adabu: “Mwalimu, kitabu ni kuku wawili.”

Mabwana na akina mama, neno hili lilitupiga. Mtoto huyu hakuwa mvivu, wala hakuchukia kusoma. Kwa miaka 2 hakugusa kitabu chetu hata kimoja, ila alikwenda kuketi juani chini ya dungu la mtu mwingine ili apate kusikia. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba kitabu ni deni. Kitabu kile kilichonyeshewa kingaliweza kununuliwa tena. Lakini miaka 2 ya mtoto kusoma hainunuliwi.

Basi walimu tulichanga fedha mifukoni mwetu, tukaenda kwa mama yule, tukamrudishia ile aliyolipa, na tukamwomba radhi. Naye alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Mtoto amechukua kitabu Ijumaa iliyopita. Tumekubaliana pia, pamoja na kamati ya shule, kuibadili kanuni. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakina malipo. Kitabu kilichoharibika kwa bahati mbaya kitatengenezwa na mwanafunzi pamoja na mwalimu, wala hatatozwa fedha. Aliyekiharibu kwa makusudi atafanya kazi ya kutia majalada vitabu vingine, mpaka ajifunze thamani yake.

Sasa twaomba mambo manne kwenu.

Kwanza, kwa wazazi. Mpeni mtoto nusu saa ya taa kila jioni wakati wa likizo. Hatusemi aache kuchota maji, wala kuchunga mbuzi, wala kulinda shamba. Kazi hizo ni malezi mema. Lakini nusu saa haiui shamba. Wala msimwache asome peke yake pembeni kama mtu aliyeadhibiwa. Asome kwa sauti, nanyi msikilize. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza, “Kisha ikawaje?” na swali hilo lina nguvu kuliko fimbo.

Pili, kwa wazee. Mtoto akisoma habari ambayo ninyi mwaijua kwa njia nyingine, msinyamaze. Mwambieni, “Sisi tulisikia hivi.” Twataka watoto waandike maneno hayo katika daftari, wayalete shuleni, nasi tutayaweka katika kabati pamoja na vitabu vingine.

Tatu, juu ya kutunza vitabu, maana kuacha faini si kuacha utunzaji. Kitabu kikipelekwa nyumbani kitiwe jalada la karatasi ngumu, kisha kitiwe katika mfuko wa plastiki, hasa wakati wa mvua. Kisiwekwe chini sakafuni, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Kiwekwe juu ya rafu au katika sanduku lililoinuliwa juu ya mawe. Kikilowa, kisianikwe juani, maana kurasa zitajikunja. Tieni magazeti makavu kati ya kurasa, mkiweke kivulini penye upepo, magazeti yabadilishwe kila yakilowa. Na kikikaribia kukauka kiwekeeni kitu kizito juu yake. Kurasa zilizochanika zagandishwa kwa uji mzito wa unga wa ngano uliopikwa ukapoa, upakwe kidogo tu. Kitabu kilichonyeshewa likizo hii tulikiponya kwa njia hiyo. Kina madoa, lakini chasomeka tangu mwanzo hata mwisho.

Nne, kwa Bwana Chifu na wasaidizi wake. Twaomba kwamba kila baraza la kabla ya likizo litangaze siku ya kuazima vitabu, ili mzazi asije akasema hakupata habari. Tena twaomba jambo hili lisemwe kwa wazi mbele ya wote: hakuna mzazi atakayeitwa ofisini kwa sababu ya mvua. Likisemwa na mwalimu peke yake, wengine watashuku. Likisemwa na Chifu, litaaminiwa.

Kabla hatujaketi twapenda kuwaambia walimu wa shule jirani, ambao tumewaona hapa leo: rafiki zetu, twajua mnaogopa kupungukiwa. Nasi tuliogopa. Twawaonyesha hesabu yetu bila kuficha: vitabu 40 vilitoka, 38 vimerudi. Lakini hesabu nyingine haimo katika daftari la kabati. Juma hili darasa la nne wameanza kitabu chao siku ya kwanza, bila kurudia cha mwaka uliopita. Hilo halijapata kutokea tangu tulipoanza kazi hapa.

Ufunguo wa kabati tumeuleta. Twamkabidhi Mwenyekiti wa Kamati ya Shule mbele yenu, ili siku ya kufunga shule ya Aprili yeye ndiye afungue, na kila mwenye haja aje achukue. Na yule babu aliye na kitabu chetu, twamwambia asome taratibu. Akimaliza, atutumie habari, tumpelekee kingine.